Kompyuta iliyosubiri kuamrishwa

Jumatatu, tarehe 11 Januari mwaka 1982, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuonyesha katika idhaa yake ya pili ya televisheni mfululizo wa vipindi 10 vilivyoitwa The Computer Programme.

Watangazaji walikuwa wawili. Chris Serle aliuliza maswali ya mtu asiyejua kitu, na Ian McNaught-Davis, mtaalam wa kompyuta aliyejulikana pia kwa kupanda milima, akamjibu.

Vipindi vya kuwaelimisha watu wazima havikuwa jambo geni mjini London. Waingereza walikwisha kufundishwa kupitia televisheni lugha za kigeni, mapishi na kilimo cha bustani. Lakini vipindi hivi vilikuwa na sharti ambalo vile vingine havikuwa nalo. Mtazamaji hakutakiwa kutazama tu. Alitarajiwa, kama uwezo wake ulimruhusu, kuketi mbele ya kompyuta yake mwenyewe na kuiandikia amri kwa lugha iitwayo BASIC.

Na kompyuta hiyo ilikuwa na jina la BBC.

Shirika la utangazaji kutia jina lake kwenye mashine ya kuuzwa madukani ni jambo la ajabu hata leo. Sababu yake ilianza miaka minne kabla, na ilianza kwa hofu.

Hofu ya ajira

Mwezi Machi mwaka 1978 mfululizo wa sayansi wa Horizon ulionyesha filamu iliyoitwa Now the Chips Are Down. Filamu hiyo ilieleza jinsi vipande vidogo vya silikoni, vinavyoitwa chipu, vilivyokuwa vikijiandaa kufanya kazi za watu viwandani na maofisini. Ujumbe wake uliwashtua wanasiasa na vyama vya wafanyakazi kwa pamoja.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwezi uleule wa Januari 1982 ambapo vipindi vya kompyuta vilianza, idadi ya watu wasio na ajira nchini Uingereza ilipita milioni tatu, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu miaka ya 1930.

Watayarishaji wawili wa idara ya elimu ya watu wazima ya BBC, David Allen na Robert Albury, walitumwa kuchunguza jinsi nchi nyingine zilivyokuwa zikikabiliana na teknolojia hii, na mwaka 1979 wakatoa ripoti yao. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mradi wa kuwapa Waingereza wa kawaida elimu ya kompyuta.

Katika mradi huo mlikuwa na mabishano ambayo hayajaisha hadi sasa. Je, kuijua kompyuta ni kujua inafanya nini, au ni kujua kuiamuru? Anayepanda daladala hahitaji kujua kufungua injini. Kwa nini basi karani, mwuguzi au fundi bomba ahitaji kujua kuandika programu?

Watayarishaji wa London walijibu kwamba kompyuta si daladala. Gari hufanya kazi moja tu. Kompyuta haina kazi yake yenyewe hata kidogo. Hufanya ile iliyoandikiwa. Kwa hiyo asiyeweza kuandika hata mstari mmoja hubaki akipangiwa na aliyeandika, bila hata kujua kwamba amepangiwa. Hoja hiyo ilikuwa ya kisiasa zaidi kuliko ya kiufundi, ingawa haikutangazwa hivyo.

Lugha ya wasio wanasayansi

BASIC haikuzaliwa Uingereza. Ilitoka katika chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, na wabunifu wake walikuwa wanahisabati wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz. Kemeny, mzaliwa wa Budapest, aliwahi akiwa kijana kuwa msaidizi wa Albert Einstein. Programu ya kwanza ya lugha hiyo ilifanya kazi alfajiri ya tarehe 1 Mei mwaka 1964.

Jina lake ni ufupisho wa maneno yenye maana ya maagizo ya matumizi yote kwa anayeanza. Kurtz na Kemeny waliwalenga wanafunzi wasio wa sayansi, ambao ndio waliokuwa wengi chuoni hapo, na ambao siku moja wangekuwa wakurugenzi na wabunge wanaoamua mambo ya kompyuta bila kuzijua.

Hadi wakati huo mwanafunzi alitoboa matundu kwenye kadi, akazikabidhi kwa watunza mashine na kurudi kesho yake kupokea majibu. Akikosea herufi moja, siku nzima imepotea. Pale Dartmouth wanafunzi wengi waliketi kwa wakati mmoja kwenye mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta moja, kila mmoja akajibiwa papo hapo. Faida kubwa ya BASIC ilikuwa hiyo: mtu alikosea, akaambiwa, akasahihisha, akajaribu tena, yote katika dakika moja.

Kufikia mwaka 1980 karibu kila kompyuta ndogo iliyouzwa ilikuwa na BASIC ndani yake. Tatizo ni kwamba kila mtengenezaji alikuwa na BASIC ya namna yake. Somo lililofaa kwenye mashine moja lilikataliwa na nyingine.

Wasemaji wa Kiswahili wanalielewa tatizo hili vyema. Kiunguja, Kimvita na Kiamu ni lugha moja, lakini waliotaka kuchapa kitabu kimoja cha shule kwa Afrika Mashariki nzima walilazimika kuchagua, na mwishoni mwa miaka ya 1920 wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. BBC nayo ilihitaji BASIC sanifu. Na kwa kuwa haikuweza kuwalazimisha watengenezaji wote waifuate, iliamua kuwa na mashine yake.

Wiki moja Cambridge

Kampuni iliyofikiriwa kwanza ilikuwa Newbury Laboratories, iliyokuwa na kompyuta iliyoitwa NewBrain, lakini mashine hiyo haikuwa tayari kwa wakati. Mapema mwaka 1981 BBC iliwageukia wengine. Aliyejulikana zaidi kati yao alikuwa Clive Sinclair, ambaye kompyuta yake ya ZX81 ingeuzwa kwa chini ya pauni 70. Asiyejulikana sana alikuwa jirani yake mjini Cambridge, kampuni changa ya Acorn.

Acorn iliongozwa na Chris Curry, aliyewahi kufanya kazi na Sinclair, pamoja na Hermann Hauser, mwanafizikia kutoka Vienna. Walikuwa na michoro ya kompyuta mpya, lakini mashine yenyewe haikuwepo. Na wageni kutoka London walikuwa wanakuja Ijumaa.

Kilichofuata kimesimuliwa mara nyingi na waliokuwepo. Hauser alimpigia simu mhandisi Steve Furber, akamwuliza kama mashine inaweza kujengwa kwa siku tano. Furber akasema haiwezekani. Akampigia Sophie Wilson. Naye akasema haiwezekani. Hauser alimwambia kila mmoja kwamba mwenzake amekwisha kukubali, na kwa ujanja huo wote wawili wakakubali.

Walifanya kazi usiku na mchana. Hadi asubuhi ya Ijumaa mashine ilikuwa imeunganishwa bado kwa nyaya na kompyuta nyingine iliyotumika kuipima, na ilikataa kufanya kazi. Hauser, ambaye hakuwa mhandisi wa kompyuta, alishauri wakate waya uliokuwa ukiziunganisha. Walipoukata, mashine ikaamka. Wageni walipofika, Wilson alikuwa akihangaika kuiwekea BASIC, na kabla hawajaondoka ikawa inachora kwenye skrini.

Acorn ikapata mkataba, na Sinclair hakuficha hasira yake. BBC Micro ilitangazwa mwezi Desemba mwaka 1981 kwa bei ya pauni 235 kwa aina ya A na pauni 335 kwa aina ya B, bei ambazo zilipanda mapema mwaka uliofuata hadi 299 na 399. BBC ilikadiria kwamba zingeuzwa mashine 12,000. Hatimaye ziliuzwa zaidi ya milioni moja na nusu.

Hata hivyo mwanzo ulikuwa wa aibu. Matatizo ya chipu yalichelewesha uzalishaji, na vipindi vilipoanza, wengi waliokwisha kulipa walitazama masomo wakiwa hawana cha kuandikia.

Mstari wa kumi

Aliyeiwasha BBC Micro alisikia mlio mfupi wa sauti mbili. Kisha kwenye televisheni yakatokea maneno machache, na chini yake alama ndogo mfano wa ncha ya mshale. Basi. Hapakuwa na picha ya kubonyeza wala orodha ya kuchagua. Mashine ilikuwa imenyamaza, ikingoja kuambiwa.

Karibu kila mwanafunzi alianza hivi:

10 PRINT "JAMBO"
20 GOTO 10

Mstari wa kwanza unaiambia kompyuta iandike neno lililo ndani ya alama za mtajo. Wa pili unaiambia irudi kwenye mstari wa kumi. Hakuna kinachotokea mpaka aliyeandika aongeze amri ya tatu, RUN, ambayo haina namba. Hapo neno linaanza kumiminika kwenye skrini, mstari chini ya mstari, na haliishi mpaka mtu abonyeze kitufe cha kusimamisha.

Ni programu isiyo na faida yoyote, na watoto wa Uingereza waliiandika kwenye kompyuta za maonyesho madukani, wakiweka majina yao au matusi mahali pa salamu, kisha wakatokomea. Lakini ndani yake mna mambo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba amri inaweza kuhifadhiwa leo na kutekelezwa kesho. La pili ni kwamba mashine haichoki, na haina akili ya kujiuliza kwa nini inafanya inachokifanya.

Namba za mistari ziliruka kumi kumi kwa sababu ya hekima ya kawaida: anayeanza husahau. Akikumbuka jambo lililopaswa kuwa katikati, anaandika mstari wa 15, na kompyuta inaupanga mahali pake bila kuandikwa upya mingine.

Kisha yalikuja masomo ya mizunguko yenye mwisho:

10 FOR N = 1 TO 12
20 PRINT N * 7
30 NEXT N

Hiyo ni jedwali la saba. Mtoto aliyechapwa darasani kwa kutolijua aliweza kumfundisha mwingine alikariri, na huyo mwingine alikuwa mashine. Si ajabu kwamba wengi hawakusahau siku hiyo.

Mashine iliwasahihisha kwa maneno mafupi. Ukiandika amri isiyokuwepo, ilijibu Mistake, yaani kosa. Ukiiambia iende mstari usiokuwepo, ilisema hakuna mstari kama huo. Na ukiiomba izipange upya namba za mistari kwa kuruka sifuri sifuri, ilijibu kwa neno moja, Silly, ambalo kwa Kiswahili ni upuuzi. Somo kubwa kuliko yote pengine lilikuwa hilo, kwamba kukosea si aibu bali ni sehemu ya kazi.

Nafasi ilikuwa finyu mno. Kumbukumbu ya aina ya B ilikuwa ya herufi elfu 32 tu na ushei, kiasi cha kurasa kumi na kitu za maandishi, na picha za skrini pekee ziliweza kumeza zaidi ya nusu yake. Programu zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida za muziki, zikitoa kelele kama ya mdudu aliyefungiwa kwenye kopo.

Kwa wasiokuwa na mwalimu, chuo cha elimu kwa njia ya posta cha National Extension College kilitoa kozi iliyoitwa 30 Hour BASIC, yaani BASIC kwa saa 30.

Wapinzani

Si wasomi wote waliofurahi. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra wa Uholanzi, mmoja wa magwiji wa taaluma hii, aliandika kwamba mwanafunzi aliyeanza na BASIC ameharibiwa akili kiasi cha kutotengenezeka. Shabaha yake kuu ilikuwa mtindo wa kurukaruka wa GOTO. Programu ndefu ya namna hiyo hugeuka uzi uliotatizika, hata aliyeiandika hawezi kuifumua.

Lawama hiyo ilikuwa na ukweli wake, na BBC iliisikia. Toleo lililoandikwa na Wilson lilimwezesha mwanafunzi kuigawa kazi kubwa katika vipande vidogo vyenye majina, kisha kuviita kwa majina hayo. Aliyetaka kuandika kwa mpangilio aliweza, na aliyetaka kurukaruka hakuzuiwa. Kwa lugha ya wanaoanza, huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko ukali wa Dijkstra.

Upande wa pili wa bahari

Wakati hayo yakiendelea, Idhaa ya Kiswahili ilikuwa ikitangaza kutoka jengo la Bush House, katikati ya London, kwa wasikilizaji ambao mradi huu haukuwafikia hata kidogo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ijapokuwa Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Na kompyuta nchini Tanzania ilikuwa na historia ya pekee. Ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuitia hesabu za serikali kwenye kompyuta lilikwenda vibaya, hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Ni rahisi kuicheka amri hiyo leo. Lakini serikali ya Dar es Salaam ilikuwa imekutana na swali lilelile lililowatia hofu watu wa London miaka michache baadaye: mashine hii inamtii nani? Tanzania ilikuwa imenunua mashine ghali kwa fedha za kigeni, ikitegemea wataalam wa kutoka nje kuiamuru, na ilipokosea hapakuwa na wenyeji wa kutosha wa kuisahihisha. Uingereza ilijibu kwa kuwafundisha watu wake. Tanzania ilijibu kwa kufunga mlango. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ilikuwa ya fedha kuliko ya fikra.

Watoto wautwaa mradi

Mradi ulibuniwa kwa ajili ya watu wazima. Waliouchukua ni watoto.

Kuanzia mwaka 1981 serikali ya Margaret Thatcher ilijitolea kulipa nusu ya gharama ya kompyuta kwa kila shule ya sekondari, na mwaka uliofuata mpango huo ukaenea hadi shule za msingi, mradi mashine iwe ya kutengenezwa Uingereza. Shule nyingi zilichagua BBC Micro. Kizazi kizima kikaikuta pembeni mwa darasa, mara nyingi moja kwa shule nzima, ikisukumwa kwenye kitoroli kutoka chumba hadi chumba.

Watoto hao hawakungoja kufundishwa. Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo wa safari za angani uitwao Elite, wenye magalaksi nane, wakiubana katika kumbukumbu ileile ndogo.

Faida haikugawanyika sawasawa. Nyumbani, kompyuta iliwekwa mara nyingi chumbani kwa mvulana, na matangazo ya biashara yakaifanya kuwa kitu cha wavulana, licha ya kwamba BASIC yenyewe iliandikwa na Sophie Wilson. Na pauni 399 hazikuwa fedha ya familia ambayo baba alikuwa amefukuzwa kazi mgodini.

Kimya cha miaka 20

Katika miaka ya 1990 shule za Uingereza ziliachana na mashine za Acorn na kuhamia kompyuta zilizotumika maofisini. Kompyuta hizi zilikuwa bora kwa kila kipimo isipokuwa kimoja. Ukiziwasha hazikungoja amri. Zilionyesha picha za kuchagua, kila moja ikiwa ni kazi iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine.

Somo nalo likabadilika. Wanafunzi walifundishwa kuandika barua, kupanga majedwali ya hesabu na kutengeneza kurasa za maonyesho. Waajiri walitaka hivyo, na wazazi hawakulalamika. Ule ubishi wa daladala ulikuwa umeamuliwa kimyakimya, na abiria ndiye aliyeshinda.

Mwezi Agosti mwaka 2011 Eric Schmidt, mwenyekiti wa Google wakati huo, alipotoa mhadhara mjini Edinburgh, aliwaambia wenyeji wake kwamba ameshangazwa kuona sayansi ya kompyuta haifundishwi kama somo la kawaida katika shule za Uingereza, na akawakumbusha urithi wao wa BBC Micro. Maneno hayo yaliuma kwa sababu yalitoka kwa mgeni.

Tarehe 11 Januari mwaka 2012, miaka 30 kamili tangu kipindi cha kwanza cha The Computer Programme, Waziri wa Elimu Michael Gove alisimama kwenye maonyesho ya teknolojia ya elimu mjini London na kutangaza kwamba mtaala uliokuwepo utaondolewa. Kuanzia Septemba 2014 watoto wa Uingereza, tangu umri wa miaka mitano, wakaanza kufundishwa misingi ya kuandika programu.

Mtoto asiyetarajiwa

Wakati wanasiasa wakilumbana juu ya mitaala, BBC Micro ilikuwa imekwisha kuacha mrithi ambaye wengi hawakumtambua.

Fedha zilizotokana na mauzo yake ziliiwezesha Acorn kuthubutu kubuni kichakataji chake yenyewe, yaani ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta. Wilson alibuni maagizo yake na Furber akabuni umbo lake. Kabla ya kutengenezwa, kielelezo chake kiliandikwa kwa BBC BASIC, kwa mistari isiyofika elfu moja. Lugha ambayo Dijkstra aliidharau ndiyo iliyotumika kupima mawazo ya wahandisi hao. Chipu ya kwanza ilifanya kazi tarehe 26 Aprili mwaka 1985, ikiwa imeunganishwa na BBC Micro. Jina lake lilikuwa ARM.

Ilikuwa inatumia umeme kidogo mno. Mwaka 1985 hilo halikuwa na maana kubwa, lakini simu za mkononi zilipokuja lilikuwa ndilo jambo lenye maana kuliko yote. Hadi leo zimetengenezwa chipu zaidi ya bilioni 250 za ukoo huo. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, mama muuza mboga aliyepokea fedha kwa simu yake ndogo Gikomba alikuwa, kwa uwezekano mkubwa, ameshika mjukuu wa kompyuta ile ya darasani.

Mrithi mwingine alikuja kwa makusudi. Tarehe 29 Februari mwaka 2012 ilianza kuuzwa Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki, iliyobuniwa na kundi la watu wa Cambridge akiwemo Eben Upton na yuleyule Braben wa Elite. Matoleo yake yaliitwa A na B, kwa heshima ya mashine ya zamani. Mwaka 2016 BBC nayo iligawa bure micro:bit, kompyuta ndogo kuliko kiganja, ikilenga wanafunzi wapatao milioni moja wa umri wa miaka 11 na 12.

Mwaka huohuo Kenya ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na hatimaye vikazidi milioni moja. Vilikuja vikiwa na masomo yaliyokwisha kuwekwa ndani, ya kutazama na kugusa. Ilikuwa hatua kubwa kwa shule ambazo nyingi zilikuwa ndiyo kwanza zimepata umeme, lakini kwa ubishi ule wa zamani, vilikuwa vifaa vya abiria. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2022, ilipoidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za sekondari.

Linabaki suala la maneno. Kurtz na Kemeny walichagua PRINT, IF na THEN kwa sababu mtoto wa Kimarekani anayajua kabla hajafika shuleni. Kwa mtoto wa Tanga au Kisangani maneno hayohayo ni mithili ya hirizi: yanafanya kazi, lakini hayasemi chochote. Anajifunza lugha mbili mahali ambapo mwenzake wa London anajifunza moja. Lugha ya kufundishia iitwayo Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ambayo amri zake hupangwa kama matofali, sasa inaweza kusomwa kwa Kiswahili, na hapo rudia ni rudia.

Kemeny alifariki mwaka 1992. Kurtz aliishi hadi Novemba 2024, akafa akiwa na umri wa miaka 96.

Mwezi Juni mwaka 2018 BBC iliweka kwenye intaneti hazina ya mradi wake: vipindi 267, pamoja na programu 166 zilizoonyeshwa ndani yake. Programu hizo zinaendeshwa kwenye ukurasa wenyewe, ndani ya mashine ya kuigiza, bila kaseti na bila kungoja, na aliye na simu yenye intaneti anaweza kuzifungua, kuusoma mstari wa kumi, na kuubadilisha.